Barua Iko Mbinga, Mume Yuko Liuli

Barua pepe ya kazi ikikwama kwenye kompyuta ya ofisini, anayeumia si bosi peke yake. Na nyumba pia inaumia.

Hebu jiulize, mpenzi msomaji. Jioni ukishazima kompyuta yako ya ofisini na kufunga mlango, barua pepe zako zinabaki wapi? Zinakufuata nyumbani kupitia simu, au zinalala humo humo ndani ya mashine mpaka kesho asubuhi?

Kama unafanya kazi Posta au Masaki, huenda unacheka. Utasema, "Dada, simu yangu inalia kila barua ikiingia, mpaka inanikera." Sawa. Lakini wapo wasomaji wetu wengi ambao ofisi zao bado zina kompyuta moja ya mezani, programu moja ya barua pepe, na mtu mmoja anayejua neno la siri. Na wapo wanandoa ambao maisha yao yote yanategemea barua moja itakayoingia kwenye mashine hiyo siku ambayo mhusika hayupo.

Mwezi huu nataka tuzungumzie hilo. Usifungue ukurasa mwingine ukidhani ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Haya ni mambo ya ndoa.

MEZA IKO MLIMANI, KAZI IKO ZIWANI

Nianze na Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa sababu naifahamu na kwa sababu tatizo hili linaonekana waziwazi kule.

Mji wa Mbinga uko juu, kwenye milima ya Wamatengo. Ni nchi ya kahawa na ya ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayoshika maji na udongo kwenye miteremko mikali. Asubuhi kuna baridi ya kuhitaji sweta. Ukishika barabara ya kwenda Mbamba Bay, ni kilomita zisizofika 70, unashuka na kushuka mpaka Ziwa Nyasa linatokea mbele yako. Sweta unalivua, na chakula kinabadilika kuwa mbasa na dagaa wa Nyasa. Ukifuata mwambao kwenda kaskazini unafika Liuli, na mbele zaidi Lituhi.

Mpaka mwaka 2012 mwambao huo wote ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Ndipo ikazaliwa Wilaya ya Nyasa, makao yake yakiwa Mbamba Bay. Lakini wilaya kugawanywa hakukufanya watu waache kupanda na kushuka. Wapo watu wa miradi, wa afya, wa elimu, wa benki na wa ununuzi wa mazao ambao meza zao ziko Mbinga mjini na kazi zao ziko ziwani. Jumatatu wanashuka, Ijumaa wanapanda. Na wengi wao, mwenza yuko mbali zaidi: Songea, Mbeya au Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Sasa fikiria ndoa ya namna hiyo. Mapenzi yenyewe yanaishi kwenye simu. Salamu ya asubuhi ni simu, ada ya mtoto ni simu, hata ugomvi ni wa simu. Kitu kimoja tu kimebaki kwenye meza: barua pepe ya kazi. Na hicho ndicho kinachoamua mtakutana lini, mtaishi wapi, na mshahara utatoka wapi.

YALIYOTUKUTA MWAKA 2017

Mume wangu alikuwa mmoja wa hao. Ofisi yake, ambayo sitaitaja, ilikuwa Mbinga, na mimi nilikuwa Dar na mtoto mdogo. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka mitatu. Aliomba uhamisho wa ndani kuja makao makuu, tukasubiri.

Jumatatu moja mwaka 2017 makao makuu wakamwandikia barua pepe: nafasi imepatikana, thibitisha kabla ya Alhamisi saa 10 jioni, la sivyo tunamchukua anayefuata kwenye orodha.

Jumatatu hiyo hiyo alfajiri mume wangu alikuwa ameshashuka ziwani. Na sikiliza hapa: hakukaa kizembe. Jumanne akiwa Mbamba Bay alipata mtandao mzuri, akaingia kwenye barua pepe yake kwa kutumia simu, akakuta sanduku tupu. Jumatano akiwa Liuli akajaribu tena, tupu. Alinipigia jioni ile akaniambia, "Mke wangu, bado kimya. Tuvute subira."

Ijumaa jioni akarudi Mbinga, akawasha kompyuta. Barua ile hapo, juu kabisa, tayari ya siku nne. Nafasi ilikuwa imeshakwenda.

Habari zikasambaa kwa ndugu na marafiki, na si unajua watu? Shoga yangu mmoja aliniita pembeni: "Mwenzangu, fungua macho. Mwanaume anayetaka kurudi kwa mkewe hakosi barua. Kuna kitu kinamshika huko ziwani." Ndugu wa upande wangu nao wakawa na yao. Mume wangu akawa anajitetea kwa jambo ambalo hata yeye halielewi: kama barua ilifika Jumatatu, kwa nini Jumanne kwenye simu hakuiona?

Tulisubiri miezi 14 mingine mpaka ikapatikana nafasi nyingine. Miezi 14, mpenzi msomaji, ya mtoto kuuliza baba anakuja lini.

KWA NINI SIMU ILIONYESHA SANDUKU TUPU

Jibu alilipata baadaye kwa fundi, na ni rahisi kuliko unavyodhani.

Barua pepe inapotumwa kwako, kwanza inafikia kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayokaa mahali fulani na kukutunzia barua. Programu ya kwenye kompyuta yako inakwenda kuzichukua huko. Kuna njia mbili kuu za kuzichukua, na hapo ndipo penye siri yote.

Njia ya kwanza inaitwa POP. Ilibuniwa mwaka 1984. Hii ni kama sanduku la posta, lile la S.L.P. Unakwenda na ufunguo, unatoa barua, unaondoka nazo. Mwenzako akija baadaye na ufunguo wake anakuta sanduku tupu. Ndivyo zilivyokuwa zimepangwa programu nyingi za zamani. Outlook Express, iliyokuja ndani ya Windows XP mwaka 2001 na kutapakaa kwenye ofisi zetu, kama hukuibadilishia mpangilio ilichukua barua na kuifuta kwenye seva. Matoleo ya baadaye ya Outlook yakaanza kuacha nakala kwenye seva, lakini kwa kawaida kwa siku 14 tu, kisha inafutwa.

Njia ya pili inaitwa IMAP. Aliyeibuni ni Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Hii ni kama kusomea barua palepale posta. Barua haiondoki. Ukiisoma kwa kompyuta, simu inajua imesomwa. Ukijibu kwa simu, jibu lako unalikuta kwenye kompyuta. Ukifuta huku, imefutwa na kule. Funguo ni nyingi, sanduku ni moja.

Ofisi ya mume wangu ilikuwa kwenye POP. Mfanyakazi mwenzake aliwasha mashine Jumatatu asubuhi kama kawaida, programu ikavuta barua za wote, ikazifuta kwenye seva. Kuanzia dakika ile, barua ya uhamisho ilikuwa inaishi mahali pamoja tu duniani: juu ya meza, Mbinga mjini. Simu kule Liuli ilikuwa inasema kweli. Sanduku lilikuwa tupu.

Utaona basi kwamba hapakuwa na mchawi wala nyumba ndogo. Ilikuwa ni tiki moja kwenye mipangilio.

LIULI INAIJUA HADITHI HII

Watu wa Liuli wana kumbukumbu ya zamani zaidi ya taarifa iliyochelewa. Enzi za Wajerumani mahali hapo paliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba ulioko pale unaofanana na sanamu ile ya Misri. Hapo ndipo ilipokuwa meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, chini ya Kapteni Berndt. Upande wa Waingereza ilikuwapo meli Guendolen, chini ya Kapteni Rhoades. Ziwa ni moja, manahodha ni wawili, na walikuwa marafiki wa kunywa pamoja.

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Rhoades alipata habari. Berndt hakupata. Tarehe 13 Agosti Guendolen ikatokea mbele ya Sphinxhafen, wakati meli ya Berndt imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaanza kupiga mizinga. Berndt akaruka kwenye mtumbwi akapiga makasia kumfuata rafiki yake kwa hasira, akitaka kujua kama amelewa. Hapo ndipo alipoambiwa kuna vita, na kwamba yeye sasa ni mateka.

Siku tisa vita ilikuwa imeanza, na mwenye kuhitaji habari ndiye aliyekuwa wa mwisho kuijua. Habari ilikuwapo, haikuwa mahali alipo yeye. Sisi leo tuna minara ya simu mwambaoni, lakini programu iliyopangwa vibaya inaweza kutufanya tuwe kama Kapteni Berndt.

PROGRAMU ITUFUATE, TUSIIFUATE SISI

Mimi nasema hivi: programu yoyote ya barua pepe ya kompyuta inayotaka kuaminiwa na watu wanaofanya kazi lazima iwe na mkono wake kwenye simu. Isiwe zawadi ya ziada. Iwe sehemu ya kazi yake, kama breki kwenye gari.

Watengenezaji wenyewe walichelewa kulielewa hili. Chukua Thunderbird, programu ya bure inayopendwa sana na mashirika madogo kwa kuwa hailipiwi leseni. Toleo lake la kwanza kamili la kompyuta lilitoka Desemba 2004. BlackBerry ilikuwa imeshaanza kuwapelekea watu barua mfukoni tangu 1999. Simu ya kwanza ya Android ikatoka 2008. Lakini Thunderbird haikuwa na ndugu yake wa kwenye simu mpaka ilipoichukua programu ya Android iitwayo K-9 Mail mwaka 2022, na Thunderbird ya Android yenyewe ikatoka Oktoba 2024. Miaka 20! Mtoto aliyezaliwa siku ile Thunderbird inatoka alikuwa ameshafika umri wa chuo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba sasa unaweza kuhamisha mipangilio ya Thunderbird kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu kwa kupiga picha msimbo wa QR, ile miraba myeusi na myeupe. Huna haja ya kuandika majina ya seva herufi kwa herufi. Hicho ndicho ninachokiita kuunganisha.

Ukiniuliza mtu wa Mbinga au Nyasa anahitaji nini hasa kutoka kwenye programu yake, nitakutajia mambo manne.

Kwanza, barua ile ile pande zote. Iliyoingia, iliyotumwa na ile uliyoianza ukaiacha nusu. Kwenye POP hata ulichotuma kinabaki kwenye mashine uliyotumia, kwa hiyo ukiwa ziwani huwezi kukumbuka uliahidi nini wiki iliyopita.

Pili, ikustue. Tangu 1997 IMAP ina kipengele kiitwacho IDLE, kinachoiwezesha seva kuiambia programu barua inapoingia, bila wewe kuifungua kila saa. Barua yenye tarehe ya mwisho haisubiri upate nafasi.

Tatu, iheshimu bando na mtandao wa kusuasua. Ikuonyeshe kwanza nani kaandika na kuhusu nini. Kiambatisho kikubwa kisishuke mpaka useme. Na ulichoandika pasipo na mtandao kisubiri, kiende chenyewe ukifika penye mnara.

Nne, kalenda na namba za watu ziende pamoja na barua. Kikao kilichowekwa kwenye kompyuta Mbinga kionekane kwenye simu Lituhi. Vinginevyo umeunganisha nusu.

SASA CHUMBANI JE?

Najua kuna msomaji anayesema, "Mhariri, unataka kuniletea bosi kitandani." Hoja yako naipokea kwa mikono miwili. Barua ikishaingia kwenye simu, inaingia pia kwenye chakula cha jioni, kwenye ibada, na kwenye ule muda wenu wa saa nne usiku.

Lakini angalia tofauti. Barua iliyokwama mezani huna uchaguzi nayo. Hata ukitaka kuisoma huwezi. Barua iliyo kwenye simu unaweza kuinyamazisha. Wanandoa wanaoishi mbalimbali wanahitaji uwezo huo wa kuchagua kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo mkubaliane mapema.

Wekeni saa ya kunyamazisha. Kwangu ni saa mbili usiku, barua za kazi zinanyamaza mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mwenzako akitoka ziwani Ijumaa baada ya siku tano, usimpokee huku umeinamia kioo.

Msichanganye anwani. Barua za kazi zikae kwenye anwani ya kazi, na mambo ya nyumba, ya ada, ya viza na ya benki yakae kwenye anwani binafsi ambayo haitegemei mashine ya ofisi. Siku ukiacha kazi, anwani ya ofisi inaondoka na watu wake.

Na lile swali la kila mwezi kwenye meza yangu: je, mwenzangu ajue neno langu la siri? Kwa barua zenu binafsi, hilo ni lenu wawili, na mimi siingilii. Kwa barua za kazi jibu ni hapana, na wala si suala la kutoaminiana. Humo mna taarifa za watu wengine: mgonjwa, mkulima, mteja. Tangu Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watu si mali ya kuchungulia. Mpenzi anayekupenda ataelewa hilo. Asiyeelewa, tatizo lake si barua pepe.

Simu nayo ifungwe kwa namba au alama ya kidole. Kompyuta ya mezani haianguki majini ukipanda boti, simu inaanguka. Washa mapema huduma ya kuitafuta na kuifuta kwa mbali. Kwa sababu barua ziko kwenye seva, simu ikipotea umepoteza simu tu, barua zako zipo.

FANYA HIVI WIKI HII

Usisubiri mpaka yakukute. Jumatatu ukifika ofisini, fungua mipangilio ya akaunti yako ya barua pepe uangalie kimeandikwa POP au IMAP. Hujui pa kuangalia? Fanya jaribio rahisi: jitumie barua, isome kwenye kompyuta, kisha itafute kwenye simu. Ikiwa haipo, umeshapata jibu.

Ukikuta ni POP, usikurupuke kufuta akaunti. Barua zako za zamani huenda ziko ndani ya mashine hiyo peke yake. Mwite anayeelewa, azitunze nakala kwanza, kisha aongeze akaunti kwa IMAP na kuzirudisha barua za zamani kwenye seva. Kama ofisi haitaki kubadilisha leo, basi angalau weka tiki ya kuacha nakala kwenye seva, na uondoe ile ya kufuta baada ya siku kadhaa. Hiyo peke yake ingetuokolea sisi miezi 14.

Baada ya hapo weka programu kwenye simu, iunganishe, jaribu kutuma na kupokea. Kisha mwambie bosi wako kwa heshima kwamba barua yoyote yenye siku ya mwisho ifuatiwe na simu au ujumbe mfupi. Mtu akipewa siku tatu kuamua maisha yake, anastahili kupigiwa.

Na ninyi mnaongoza ofisi, jueni kwamba mnapomtuma kijana wa watu mwambaoni kwa siku tano, meza yake inabidi iende naye. Huwezi kumlaumu kwa kutojibu barua ambayo mashine yenu imeifungia ndani.

Kwa wapenzi mlio mbali, neno langu ni hili. Kabla ya kusema "hanijali", "kanificha", "ana mwingine", ulizeni kwanza ujumbe ulikwama wapi. Mara nyingi moyo wa mwenzako haujabadilika hata kidogo, ila barua yake bado iko juu ya meza, kwenye mashine iliyozimwa, na ofisi imefungwa mpaka Jumatatu.

Kazi kwenu. Tukutane mwezi ujao!